Nani Anakohoa Nyumbani

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi uliopita, kule Mwika, mvua ikinyesha, na padri akasema yale ambayo mapadri husema: alikuwa mama wa wote, alipenda watoto. Nyuma yangu wake wa shemeji zangu wakaguna. Mmoja akasema, wala hakujali kama nasikia, "Aliwapenda kwa macho. Nani amewahi kumwona amebeba mjukuu?" Mwenzake akajibu, "Yule alizaliwa na moyo wa jiwe." Niligeuka nikawatazama mpaka wakarudi kwenye rozari zao. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini nina duka la chakula cha mifugo pale Rau, nina malori mawili, nina watu wananiamkia shikamoo ambao baba zao walinicheka, na katika kuhangaika kwangu nimejifunza kwamba jambo lisiposemwa na anayelijua litasemwa na asiyelijua. Marehemu aliniomba nisiseme akiwa hai. Sasa hayuko hai. Naandika kwa mkono wangu, mwaka mmoja tu. Miaka mingine haimhusu mtu.

Nyumba yake ilikuwa katikati ya kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, migomba imeizunguka kiasi kwamba ukiwa ndani mchana hujui kama jua limetoka. Chumba kilikuwa kimoja kikubwa. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi nyuma ya maboriti, upande mwingine kitanda cha mama, katikati mafiga na moto ambao haukuwahi kuzimwa tangu niolewe. Juu ya moto palikuwa na dari ya fito tulipokaushia kuni na mahindi, na fito zile zilikuwa nyeusi zinang'aa kama zimepakwa lami. Ukiingia kutoka nje unatokwa machozi kwanza, halafu unazoea. Mle ndani kila kitu kilikohoa. Ng'ombe alikohoa. Mama alikohoa akipuliza moto, alikohoa akikoroga mtori, alikohoa katikati ya Salamu Maria na kuendelea pale pale alipoishia. Wala hatukukiita kikohozi. Tulisema ni moshi, basi. Ilikuwa sauti ya nyumba, kama mlango unavyolia kwenye bawaba zake, na ningeshtuka kama siku moja ningeamka nisiisikie. Mimi na mume wangu tulilala kwenye kajumba ka bati kando, kenye baridi ya kuuma meno. Watoto, Aloi na mdogo wake Felista, walilala na bibi yao, kwa sababu kwetu mtoto akiachishwa ziwa ni wa bibi, na kwa sababu pale palikuwa na joto. Alimtafunia Felista ndizi kwanza, ikishalainika ndipo akamtia mdomoni. Hakuna mtu aliyewapenda watoto wale kuliko yeye. Mimi mama yao nasema hivyo, nami si mtu wa kugawa sifa.

Aloi alianza kukohoa masika yalipoingia. Mbavu zikawa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, pua zinapanuka kama za ndama aliyekimbia. Kila aliyekuja kumwona alikuja na chanzo chake mkononi. Huyu alisema ni baridi, yule akasema ni minyoo imepanda kifuani, shangazi wa mume wangu akasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka na lazima kikatwe. Akaitwa mzee wa kukata vimeo na chuma chake kilichopinda. Mama akamkalisha mtoto chini, akambana kichwa katikati ya magoti yake, akawa anamwimbia. Aloi alitema damu kwenye jani la mgomba, kisha akatulia, tukadhani amepata nafuu. Kikohozi kikaenda kikipungua sauti, kikapungua, kikaisha, na yeye akaisha nacho. Tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mpaka leo naitwa Mama Aloi. Watu wakiniita dukani nageuka, na sijawahi kugeuka bila kumwona.

Baada ya matanga wanaume wa ukoo walikaa ndani wakinywa mbege, nami niko nje ya ukuta namenya ndizi, nasikia kila neno. "Mtoto wa nyumba hii hafi bure," alisema mmoja. Wakapita kwenye majina kama mtu anayechambua maharage, mpaka wakafika kwa Kanuti. Kanuti alikuwa jirani yetu ng'ambo ya mfereji, mwanaume mpweke aliyerudi kutoka machimboni na kifua kinachokwaruza kama msumeno. "Alimsifia mtoto pale mferejini," sauti nyingine ikasema. "Alisema, kijana mzuri huyu. Na hakutema mate." Kwetu ukimsifia mtoto wa mwenzako unatema kidogo, ni baraka, ili jicho lako lisimdhuru. Kesho yake njia ya kwenda kwa Kanuti ilikuwa imezibwa kwa miiba, na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akimpelekea maziwa, akaacha kuitikia salamu yake. Hivyo ndivyo chanzo kilivyopatikana mara ya kwanza. Watu wakalala usingizi.

Baridi ya kipupwe ikashuka na ukungu wake, na Felista akaanza. Kikohozi kilekile, mbavu zilezile. Shangazi akafungua mdomo, nikamwambia, "Huyu hakatwi kitu," nikamfunga mtoto mgongoni nikateremka Moshi kwa mume wangu, aliyekuwa fundi gereji mjini, akipanda nyumbani Jumamosi. Ndipo tukaingia wodi ya watoto. Ningeweza kuichora mpaka leo kama ningejua kuchora: ukuta rangi ya maziwa mpaka kifuani, kijani kuanzia hapo kwenda chini, vitanda vya chuma vya watoto, na chini ya kila kitanda mama yake kwenye mkeka, kwa hiyo daktari akipita anaona safu mbili za watu, wanaougua juu na wanaongoja chini. Chupa kubwa ya hewa ilisimama pembeni, ikichemka mapovu kwenye kichupa chake cha maji. Ilikuwa inahama kutoka mtoto hadi mtoto, nasi tulijifunza kutoitazama ikihama. Asubuhi uji. Mchana tunapika wenyewe nyuma, kwenye banda, kwa majiko ya mkaa. Jirani yangu alikuwa Mama Zawadi wa Bomang'ombe, mwanamke mwenye mdomo. Walipokuja kumtoa Felista damu, na kumpitisha puani kijiti chenye pamba, mama mmoja akanong'ona kwamba damu zile zinauzwa. Mama Zawadi akasema kwa sauti, "Haijai hata kijiko cha chai. Nani atainunua, kunguni?" Tukacheka. Kucheka mle ndani ilikuwa kama kuiba.

Daktari wetu alikuwa binti wa Kipare, mwembamba, ana viatu vya kiume. Kila asubuhi aliweka sikio la chuma kifuani kwa Felista, na kila asubuhi alichelewa kuliondoa. Walimpa sindano za kwanza. Hazikusaidia. Wakambadilishia, na hizo nazo hazikusaidia. Nilimuuliza waziwazi, "Dokta, si umesema ni nimonia? Nimonia haina dawa?" Akaniambia, "Mama Aloi, nimonia ni moto kwenye nyumba. Nauona moto. Ninachotafuta ni aliyeuwasha, kwa sababu wako wengi na moto wao hauzimwi kwa maji ya aina moja." Kisha akauliza lile swali ambalo angeliuliza tena na tena: "Nani anakohoa nyumbani?"

Mama mkwe alikuwa amesimama pale, ameteremka na kikapu cha kiburu, ndizi zetu za kuponda na maharage, na mtungi wa maziwa. Alikuwa mkubwa kwetu, kwa hiyo yeye ndiye aliyejibu. Alinyoosha mgongo akasema, "Nyumbani kwetu hakuna mgonjwa, mwanangu. Ni watu wa kazi." Wala hakudanganya. Ungeniuliza mimi siku ile ningejibu neno kwa neno kama yeye, na ningekasirika umeuliza.

Felista akawa mwepesi. Nilimwinua siku moja kumbadilisha nepi nikahisi kama nimeinua nguo tupu. Siku hiyo daktari alinipeleka kwenye dirisha, akainua ile picha nyeusi ya kifua kwenye mwanga, akanionyesha uvimbe kando ya koo la hewa, mweupe kama punje za mahindi zilizoshikana. "Nafikiri ni kifua kikuu," akasema. Nikamwambia basi ampe dawa yake. Akatikisa kichwa. "Nikikosea, nitampa dawa kali na ndefu isiyo yake, na kile kinachomuua kitaendelea kumuua. Wakubwa wangu hawaniruhusu kuotea. Mtoto mdogo hatemi makohozi, anayameza. Tumemvuta maji ya tumboni asubuhi kabla hajala, tumeyapeleka kuoteshwa, lakini vidudu hivi vinaota polepole kuliko magugu. Jibu lake litatoka akiwa ameshachoka kulisubiri." Akashusha picha. "Lakini mtu mzima anatema. Yake nayaona kesho kwenye darubini. Mtoto wa umri huu hakukiokota njiani, mama. Kuna mtu amempa, mtu wa karibu. Niletee huyo mtu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa: mwanangu angeishi au angekufa kwa kupatikana au kutopatikana kwa mtu. Nilipanda Mwika siku hiyo hiyo nikamwacha Mama Zawadi na Felista. Niliwaambia wa ukoo, anatafutwa anayekohoa. Hawakufikiri hata kidogo. "Kanuti!" Walisema kama watu walioshinda kesi. Nikavuka mfereji, nikaondoa miiba kwa mikono yangu, nikamkuta ameketi mlangoni anavuta kiko. "Shikamoo, mzee Kanuti." Alinitazama sana. "Marahaba, Mama Aloi. Umekuja kuniua au kunisalimia?" Nikamweleza. Alicheka mpaka kifua kikamkwaruza. "Ehe! Kwa hiyo uchawi wangu sasa unapimwa kwenye kikopo." Lakini alisimama, akavaa koti. Tulipofika hospitali alinigeukia: "Yule mtoto nilimsifia kwa sababu alikuwa mzuri. Nilisahau kutema. Nilikuwa na siku nyingi sijasema na mtu."

Alitema kwenye kikopo. Kesho yake darubini haikuona kitu. Wakampiga picha, daktari akasema ni vumbi la machimbo limekaa kifuani, baya kwake mwenyewe, halimpati mtu mwingine. Kanuti alivaa kofia yake mlangoni pa wodi akasema, bila hasira, "Waambie wa kwenu nimepimwa. Sasa mjitafute wenyewe." Akaondoka. Nikabaki na mwanangu ambaye alikuwa ameanza kutolia, na mtoto akiacha kulia wodini wote tunajua.

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka chini ya kitanda. Deki ilikuwa imepigwa, madirisha yote wazi, hewa inanuka dawa ya sakafu na hakuna kingine. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia, watu wamesimama kwenye varanda wakingoja mlango. Nikasikia kikohozi. Mtu alikohoa mara, akanyamaza, akakohoa tena akakivuta kutoka chini kabisa, kisha akashusha pumzi akaendelea na maneno ya sala. Nikajiuliza, nani huyo mgonjwa? Nilikuwa naijua sauti ile kuliko sauti ya mama aliyenizaa, na bado nilijiuliza nani, kwa sababu sijawahi kuisikia pasipo moto. Niliinuka nikagonga kichwa kwenye chuma cha kitanda. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe wangu na kikapu chake, anafuta mdomo kwa upande wa kanga.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo lile. Mkwe hatajwi jina. Mkwe haambiwi amekosea chumvi. Nilimpokea kikapu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba, mtoto ameamkaje?" Akainama kumbusu Felista, nami nikaweka mkono wangu katikati ya mdomo wake na uso wa mtoto. Aliutazama ule mkono kama ameona nyoka.

"Mama, njoo ukateme kwenye kikopo."

"Nani? Mimi?" Akacheka kidogo. "Mimi nina nini? Huu si moshi tu."

"Mama, hapa hakuna moto."

Mama mkwe akageuza kichwa, akatazama sakafu, madirisha, dari nyeupe, polepole, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu. Halafu kikohozi kikamjia. Alijaribu kukizuia. Niliona mishipa ya shingo ikisimama, macho yakijaa maji, na alikizuia mpaka akashindwa, akageukia ukuta. Kilipokwisha hakugeuka. Aliuliza akiwa ameutazama ukuta ule wa rangi ya maziwa, "Wanatemea wapi?"

Jibu lilitoka kesho yake. Daktari alitaka kumweleza faraghani, mama akasema, "Nieleze mbele ya mkwe wangu, yeye ndiye aliyenisikia." Vidudu vilikuwa vimejaa. Jioni ile ile Felista akaanzishiwa dawa zake, na baada ya kitambo nisichotaka kukikumbuka akalia, akalia kwa hasira, akidai uji, na wodi nzima chini ya vitanda ikapiga vigelegele. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya jibu, mama mkwe alisikiliza yote, sindano za kila siku, vidonge vya miezi na miezi, hospitali ya vifua atakayolazwa, akaitikia kwa kichwa kama anaelekezwa njia. Kisha akasema, "Dokta, nilikuwa na mjukuu mwingine. Naye alilala kifuani kwangu."

Binti yule angeweza kusema neno la kumpumzisha mzee. Namheshimu mpaka leo kwa kutolisema, na siku nyingine namchukia kwa hilo hilo. Alivuta kiti akakaa, magoti yao yakagusana. "Bibi, huyo hatukumpima. Inawezekana ni hiki. Inawezekana ilikuwa nimonia nyingine, ziko nyingi. Inawezekana kidonda cha kimeo kiliingia uchafu. Sijui."

"Nyie mnaona mdudu ndani ya mate. Mtoto aliyezikwa hamwezi kumwona?"

"Hatuwezi, bibi."

"Haya," akasema mama. Nilisikia neno lile likishuka ndani yake, nikasubiri lifike chini, halikufika.

Alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa kabla yetu, na karatasi inayosema hawezi tena kumwambukiza mtu. Kitu cha kwanza alichofanya alipofika nyumbani ni kuchuma jani la sale, lile jani ambalo kwetu ukiletewa na aliyekukosea huwezi kumnyima msamaha, akavuka mfereji. Kanuti alinisimulia mwenyewe. Alilipokea, akamwambia, "Marselina, ungeniletea na tumbaku." Kitu cha pili, alimfanya mume wangu ajenge kibanda mwisho wa kihamba, kwenye mibuni, chumba cha mtu mmoja.

Mimi na Felista tulirudi kahawa ikiwa imeiva, watu wanachuma. Mtoto alikuwa amejaa mashavu. Alipomwona bibi yake kati ya mibuni alirusha mikono yote miwili kutoka mgongoni kwangu, akapiga kelele. Mama alianza kuja. Nasema alianza, nilimwona. Miguu ilikuja yenyewe. Halafu akasimama, akapeleka mikono nyuma, akaifunga huko nyuma kama mtu aliyekamatwa.

"Ishia hapo, Mama Aloi."

"Mama, dokta amesema umepona."

"Amesema juu yangu. Juu ya yule aliye kwenye migomba hakusema."

Tangu siku hiyo hakumshika mtoto. Si Felista, si wale niliozaa baadaye, si wa shemeji zangu. Aliwapikia, akaweka bakuli juu ya jiwe, akarudi nyuma, wakaja kuchukua. Aliwafuma kofia akazitundika kwenye mti wa buni. Alikuwa akiwaimbia akiwa mlangoni kwake na wao wakiwa uani, kwa hiyo ilimbidi aimbe kwa nguvu, na watu wapitao njiani walidhani mzee amelewa. Watoto hucheka vitu kama hivyo. Wakikua huviita moyo wa jiwe.

Na kila kipupwe, ukungu ukishuka, aliniuliza. Nilikuwa nimeshaanza biashara, nasafiri, nakutana na watu wakubwa, nadhani aliamini mahali fulani huko mjini jibu lipo na mimi ndiye wa kulileta. "Hawajapata namna?" Nikamjibu, hawajapata, mama. Mwaka mmoja nilimpata daktari mmoja mteja wangu, msomi kwelikweli, mwenye mvi, nikamuuliza juu ya meza ya duka, mifuko ya pumba imetuzunguka. Aliniuliza dalili zote, akakuna kichwa, akasema lile lile la binti wa Kipare. Sikumpelekea mama hilo. Lakini sikumdanganya. Kuna watu huniambia ningemdanganya tu, ingenigharimu nini? Hao hawakumjua. Yule mwanamke alijua uongo kama anavyojua maziwa yaliyotiwa maji.

Wiki ya mwisho alikuwa kwenye kibanda chake, hali chakula, anakunywa maji kwa kijiko. Nililala naye, mimi mkwe, na hakuwa na nguvu ya kunifukuza. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeingia hadi mlangoni. Alifungua macho akaniita jina langu, lile la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia. Akasema, "Ulinisikia siku ile, wodini. Una masikio. Niambie. Aloi ni mimi?"

Nimefanya biashara na wezi, na maofisa, na wanaume waliotaka kunivua mpaka viatu, na sijawahi kukosa la kumjibu mtu. Nilimshika mkono, akaniacha niushike.

"Sijui, mama."

Alifunga macho. Nilidhani amelala. Kisha midomo ikasogea, nikainamisha sikio, akasema bila huzuni, kama mtu aliyekata shauri la safari, "Basi nitamuuliza mwenyewe."